Kicheche na Kiti cha Jaji

Jaji Nungunungu wa mahakama kuu ya pori alikufa mwaka wa uchaguzi. Kicheche, mgombea urais, akashangilia. Wafuasi wake walikuwa wavivu wa kupiga kura, basi akapanda kichuguu akapiga kelele: “Nichagueni! Kiti kile nampa shemeji yangu, na kesi za kuibiwa vifaranga zitakwisha!”

Kuku hawakuwahi kupiga kura. Siku ya uchaguzi walijaa foleni alfajiri, mmoja akatagia papo hapo asipoteze nafasi.

Kicheche akafoka, “Nyie kina mama, si husema marais wote ni walewale?”

“Rais mbaya tunamkimbia, bwana we,” akajibu yule aliyetaga. “Sasa tumkimbilie nani? Shemeji yako?”

Kicheche akaangushwa vibaya. Vicheche wenzake walikuwa bado wamelala.