Sauti ya Gari la Jirani

Gari la umeme halina mngurumo, ndiyo maana sheria inataka liimbe kwa sauti ya mtu, wapita njia walisikie. Jirani yetu Shekue aliweka sauti ya mkewe, Rukia. Kila jioni mtaa mzima ulijua mke anayependwa ni nani, nami nikawa naunguza samaki kwa kijicho.

“Na sisi tununue!” nikamganda mume wangu, Hizza. “Bei na betri havinihusu. Nataka kama la Rukia.”

Nikawa naimba bafuni makusudi, anirekodi.

Jana akaja nalo. Lilikata kona likiimba kwa sauti ya Rukia.

“Hizza! Nini hiki?”

“Si ulitaka kama lile?”

Leo jioni sauti hiyo imesikika tena kwenye kona. Mimi na Rukia tumetoka, kila mmoja getini kwake, kutazama anayerudi ni mume wa nani.