Aliyeziba Mdomo wa Mashine

Kipande cha plasta kilikuwa ndani ya pochi ya Waceke, kimefungwa kwa karatasi kama dawa. Alikibandua kwenye mashine ya kupimia damu, katika zahanati moja ya Kinoo, wiki moja baada ya kumzika dada yake.

Dada huyo, Mwihaki, alikuwa amejifungua salama. Alipolalamika kizunguzungu, mashine ilionyesha damu yake inatosha, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kesho yake hakuamka. Kumbe mashine ilikuwa imepima vibaya, na ilipiga kelele kuonya, ila tundu lake la sauti lilikuwa limezibwa kwa plasta.

Sasa kampuni iliyouza mashine hizo, ambako Waceke mwenyewe aliajiriwa, ilitaka kuziunda upya. Bosi wake, Harleen, alitafuta mtu wa kuzunguka maabara, akae kando na kutazama watumiaji wanavyozitumia na kinachowasumbua. Waceke alijitolea kabla bosi hajamaliza kusema. Kampuni ilitaka kujua mahitaji ya watumiaji. Yeye alitaka jina.

Barua ya mashtaka kwa bodi ya wanamaabara alikuwa ameshaiandika, maneno makali matupu, akaacha nafasi wazi ya jina la aliyeanzisha ujinga huo. Si la Debra, mpimaji wa zahanati ya Kinoo. Binti huyo alilia mpaka akamtia huruma, akasema alimkuta mwenzake wa zahanati ya Mountain View akiziba, akadhani ndivyo inavyotumika. Wa Mountain View naye aliiga kwa Jamleck, wa Waithaka. Dawa ya moto ni moto, na Waceke alikusudia kuuwasha pale pale ulipoanzia.

Asubuhi hiyo viatu vipya vilikuwa vimemchubua kisigino. Mlangoni pa maabara ya Jamleck aliinama, akakata plasta kutoka kwenye rola asiyoikosa mkobani, akabandika, akaingia.

Jamleck alimchangamkia. Alimkumbuka vizuri tangu siku mashine zilipoletwa, walipoitwa mjini kufundishwa, wamebanana ofisini huku honi za magari zikipanda dirishani. Waceke hakuwa na hamu ya hadithi za kale. Alimwomba afanye kazi yake kama kawaida, kana kwamba hayupo.

Mzee Jamleck alinawa mikono. Akachukua mkasi, akakata plasta, akaibandika juu ya tundu la sauti na kuikandamiza kwa kidole gumba. Ndipo akavaa glavu na kuwasha mashine.

Damu ilimchemka Waceke. Miezi saba alikuwa akiingojea dakika hii, na sasa ilipokuja, ilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Aliitandaza barua mezani, akafungua kalamu.

"Hiyo plasta ni ya nini?"

"Hiyo ni namba moja, madam."

"Nani alikuambia?"

Jamleck alitabasamu kama mwanafunzi anayejua jibu la mtihani. Alivuta droo, akatoa daftari lililochakaa pembe. Mwenyewe alisema kichwa chake hakishiki mambo, ndiyo maana siku ya mafunzo aliandika kila alichokiona, bila kuruka hata kimoja. Alilifungua mbele ya Waceke, juu kabisa ya ile barua.

*1. Bandika plasta hapa. 2. Washa. 3. Weka damu.*

"Si ni wewe?" akasema Jamleck. "Ilikuwa inalia sana, madam, na sauti yako ni ndogo. Ukatoa plasta kwa mkoba, ukaziba hapo, ndio tukuskie."