Cheti cha Brightness

Rafaeli aliposikia hodi ya bintiye Brightness, alijibana nyuma ya mlango uliofungwa na kuziba mdomo kwa kiganja. Ulimi ulikuwa umevimba. Asubuhi ile alianguka jikoni, akajing'ata, na paji la uso likapasuka kwenye ukingo wa meza.

"Hayupo," alisema Shenaz, mwenye duka la jirani, kama walivyopatana. "Kaenda Maramba."

"Mbona viatu vyake hivi hapa, bi Shenaz?"

Shenaz hakuumbiwa uongo. Alijitia kumhudumia mteja ambaye hakuwapo.

Brightness alikuwa na muda wa saa moja tu. Ndiye aliyerusha ndege ndogo ya abiria iliyotua Tanga saa nne, na tangu aajiriwe hakuwahi kupangiwa njia ya nyumbani. Jana yake alikuwa amemwandikia baba yake kwamba anakuja. Rafaeli aliisikia ndege ikipita juu ya Ngamiani, akiwa bado sakafuni, akatabasamu na damu mdomoni.

Miaka mitano nyuma aliikuta fomu ya bintiye mezani, ile ya kupimwa afya kabla ya kupewa leseni ya urubani. Ilikuwa haijajazwa. Swali moja lilimmaliza nguvu: je, kuna mwenye kifafa katika familia?

Binti hakujua, hilo Rafaeli alikuwa na hakika nalo. Kila alipoanguka, mkewe Anastazia alimtuma mtoto mbio dukani, na akirudi aliambiwa baba amelala. Lakini wakati wa fomu ile Anastazia alikuwa ameshafariki, na binti akiendelea kukaa naye, siku moja angemwona akianguka. Na kifafa kikijulikana, cheti hakuna. Bila cheti, mwanawe harushi ndege. Basi wiki ileile alimtafutia ugomvi usio na kichwa wala miguu, akamfukuza, ili aandike "hapana" kwa moyo mweupe.

Tangu hapo anakula peke yake, na Krismasi huipitisha na redio. Kila mwaka binti akishapimwa humpigia kumwambia amepita. Yeye hujibu "Vizuri," anakata simu, kisha analia kama mtoto.

"Baba, shikamoo."

Rafaeli aliondoa kiganja mdomoni, akakiweka mlangoni. Alitamani kumgusa mwanawe japo bega tu, lakini lile jeraha la paji la uso lingetoboa siri yote. Alishika ufunguo, akauachia.

"Najua umo ndani," Brightness alisema taratibu, mdomo karibu na mbao. "Sikuja kugombana. Nimepimwa juzi, nimepita tena." Akatupia saa jicho. "Ila daktari kaniuliza tena, baba. Tangu nilipokuandika kwenye ile fomu ya kwanza, kila mwaka ananiuliza kifafa chako kinaendeleaje, na kila mwaka sina la kumjibu."