Somo la Kushikana

"Mushike mukono yake, papa," alisema Doriane.

Mzee Kabanda aliutazama mkono wa Mukandoli kama mtu aliyeambiwa ashike pasi ya moto. Halafu akaushika kwa vidole viwili, juu ya sweta.

Doriane akazima muziki. Alikuwa na miaka kadhaa akifundisha dansi ya walsi hapo Ruharo, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya duka la mikate. Wanafunzi wake walikuwa maharusi watarajiwa, vijana wa Mbarara ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuwabandua. Hawa wawili walitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na walikuwa wa kwanza kumwomba awafundishe kugusana.

Mzee hakuificha shida yao. Mukandoli alikuwa mgonjwa wa figo na amekubaliwa kupelekwa Kanada kutibiwa. Mzee alitaka kwenda naye. Afisa wa mahojiano aliwahoji pamoja, akawahoji tena kila mmoja peke yake, akasema haamini kwamba ni mtu na mkewe. Jumatatu wangerudi kwake mara ya mwisho. Wakishindwa, mama atapanda ndege peke yake.

"Batu ba kule balituambia, muende kwa madame Doriane," mzee alisema. "Atabafundisha kusimama sawa bibi na bwana."

Doriane hakupenda hata kidogo. Na yeye alisota Nakivale. Alikuwa pale siku familia ya jirani ilipoondoka kwenda ng'ambo, baba wa huku, mama wa kule, watoto wa kuazima, na jina lake likabaki chini kabisa kwenye orodha. Mpaka leo akikumbuka anaumwa kichwa.

Lakini somo ni somo. Akawaonyesha. Baba mguu wa kushoto mbele, mama wa kulia nyuma. Pembeni. Funga. Moja, mbili, tatu.

Mzee alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote, na habari ya kwenda mbele aliielewa upesi. Habari ya kwenda na mtu ndiyo ilimshinda. Alimpita Mukandoli ubavuni, akafika ukutani peke yake, akageuka kuona kama mwenzake anakuja. Hata mlangoni waliingia hivyo, mzee mbele, mama nyuma kabisa. Doriane alidhani ni wateja wawili tofauti.

"Hii miziki ya mapenzi, tafazali, uitoe," alisema Mukandoli. "Sisi ni bakristo."

Doriane akatafuta wimbo wa kanisa unaokwenda tatu-tatu. Wakaendelea, wote watatu wamenuna.

Walipopumzika, mzee alikaa kwenye benchi la dirishani, mama kwenye benchi la mlangoni. Doriane akaona bora awachokonoe kidogo.

"Papa, mama anapenda kula nini?"

"Nitajua wapi?" mzee alijibu. "Mimi nakulaka na banaume."

"Na wewe, mama, unamuitaka bwana yako namna gani?"

"Simuitake," alisema Mukandoli. "Nikimutafuta, nakohoa."

"Macho yake iko rangi gani?"

Mukandoli alicheka kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Mimi? Niangalie mwanaume mu macho?"

"Basi niambie tu ni mutu wa namna gani."

Mama alifikiri sana. "Banasema ni muzuri," alisema.

Loo! Hata kudanganya hawajui. Doriane alisikia hasira inampanda. Mgonjwa wa watu, na mzee huyu amejibandika kwake apate ndege! Akawawekea wimbo, akawaambia wajizoeze wenyewe, akatoka nje na simu.

Ofisi ya yule afisa wa mahojiano ilipokea mara moja. Doriane alisema yeye ni msamaria mwema. Alitaja jina la mzee taratibu, herufi kwa herufi, wasije wakamwonea mtu mwingine. Alieleza na maswali yake na majibu aliyopewa. Sauti ya upande wa pili ikamshukuru sana. Ikasema basi, Jumatatu yule mama aje peke yake, mzee ameshatolewa.

Doriane akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kichwa kilimwachia.

Aliporudi alisimama mlangoni. Wale wawili hawakumsikia. Mkono wa mzee ulikuwa mgongoni mwa Mukandoli, kiganja kizima, na Mukandoli alikuwa amefumba macho. Walikwenda mbele, wakaenda pembeni, wakafunga, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mama alikuwa analia kimya kimya. Mzee aliyaacha machozi yake yaloweshe koti.

Wamejua kuigiza sasa, Doriane alijisemea, ila wamechelewa.

Nyuma yake mlango ulisukumwa. Mwanamke mtu mzima, mtoto mgongoni, jasho usoni, alikuwa amekuja kuwachukua waende wote kupanda gari la Rwekubo, warudi kambini. Alitaka kusalimu. Kisha akawaona, akajiziba uso kwa viganja viwili na kugeukia ukuta.

"Papa! Mama! Mbele ya batu!" alisema. "Tulizaliwa saba mu ile nyumba, na hakuna hata mumoja wetu aliyewahi kuona munashikana mukono!"