Sauti ya Kocha Mbwilo

Siku hizi kocha akistaafu, sauti yake hubaki kuwa mali ya chuo, iendelee kuongoza timu. Yeye huenda nyumbani bubu. Tunu aliketi jukwaani kando ya mumewe, Kocha Mbwilo, wameshikana mikono, wakisikiliza vipaza sauti vikifoka kwa sauti yake ileile. Viliwaita wachezaji waliohitimu zamani, na vijana wa sasa wakazubaa, wakafungwa mabao matano kwa bila.

Kipenga cha mwisho kilipolia, sauti ikalainika ghafla: "Mama Sifa, bandika maji ya kuoga, narudi."

Ndivyo Mbwilo alivyozoea kumwambia Tunu kwa simu kila baada ya mechi. Uwanja mzima ukapigwa na butwaa.

"Abee, Baba Sifa!" Tunu akaitika, uso ameuinulia vipaza sauti.

Taratibu, Mbwilo akautoa mkono wake mkononi mwa mkewe.