Kigingi cha Kumi na Mbili

Mzee Shebe alipigilia kigingi cha kumi na moja jalalani, wakili akatia alama kwenye ramani. Kiwanda kilikuwa kimekubali mahakamani kugharamia usafishaji wa kila shimo la mapipa ya sumu litakaloonyeshwa kabla ya kesho adhuhuri. Nyumba iliyo juu ya shimo ingebomolewa. Mzee ndiye aliyeyazika mapipa, enzi akiendesha lori la kiwanda.

"Mashimo ni kumi na mawili," wakili alisema. "La mwisho liko wapi, mzee wangu?"

Mzee alitazama ng'ambo ya njia. Binti yake, Mwanaharusi, alikuwa akikoroga uji uani, mtoto mgongoni. Kiwanja hicho alimpa yeye, akidhani ardhi imeshasahau.

"Baba, mbona waniangalia hivyo? Njaa?" Mwanaharusi alicheka. "Njoo unywe."

"Maji umeteka wapi?"

"Kisimani kwangu. Kwani leo umekuwa mgeni?"

Wakili alikunja ramani. "Giza linaingia. Tutamalizia asubuhi."

Mzee alivuka njia, akaegemeza kigingi kilichobaki kwenye ukuta wa binti yake, nyundo kando yake. Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Uji ukapoa mikononi mwake.