Ubao wa Mashua ya Jipe

Tundu la tisa la risasi Sefu hakulitafuta. Mkono wake ulikwenda wenyewe chini ya benchi la mashua, ukalikuta. Akachonga kigingi, akakipaka lami, akakigongomea ndani.

Mashua ile ya vita ilikuwa ya Wajerumani. Ililala miaka mitano kwenye matete ya Ziwa Jipe, kisha Waingereza wakaileta Same kwa treni itengenezwe. Mafundi wengine waliikataa. Walisema ukiigonga, kuna kitu ndani kinajibu. Sefu aliiomba kazi hiyo mwenyewe.

"Fundi!"

Bibi Nakijwa alisimama uani mwa stesheni na fimbo yake. Macho yake yalikuwa meupe, hayaoni tena. Alikuwa ameshuka mlimani kwa siku mbili. Jirani aliyemwongoza alikuwa amekwenda sokoni.

"Shikamoo, bibi," alisema Sefu, misumari ikiwa mdomoni.

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Ndiyo maana. Watu wa Tanga mnasalimia kama mnatafuna."

Sefu hakuitoa misumari.

"Mwanangu Anaeli alikuwa ndani ya mashua hii na wenzake watatu," alisema bibi. "Inasemekana mmoja aliruka majini, akawaacha wenzake wafe. Kila nyumba inasema si wetu. Sisi Wapare, mtu akishakaa kaburini, kichwa chake hufukuliwa kikawekwa pamoja na vya wazee wake. Mimi sina hata kidole chake. Ukoo umesema nikirudi mikono mitupu, basi mwoga ni Anaeli, na jina lake halitatajwa tena."

Sefu aliinama ndani ya mashua. Kisha akang'oa ubao mfupi wenye doa jeusi, akauweka mikononi mwa bibi.

"Ni nini hiki kinachokwaruza? Damu?"

"Damu. Ubao huu ulikuwa kando ya injini."

"Anaeli ndiye aliyeshika injini!" Bibi aliupapasa ubao polepole, kama mtu anayepapasa uso. "Kwa hiyo hakukimbia."

"Hakukimbia, bibi."

"Wazee wataupokea. Kichwa hakuna, watamweka hivi hivi." Akaufunga ubao ndani ya kaniki, akaukumbatia. "Asante, mtu wa Tanga. Na wewe Mungu akupe watu wa kukulilia."

Sefu alisimama kando ya mashua mpaka mlio wa fimbo ulipopotelea sokoni.

Kisha akasema, kwa Kipare, "Mama, nizike vizuri."